Ubora wa Koleasi ya Kivulini: Mwongozo wa Kusoma Shina na Majani

Anayetaka kupima ubora wa tuta la koleasi hana budi kuiweka rangi kando kwanza, ingawa ni rangi hiyohiyo iliyoufanya mmea huu upendwe karibu kila mahali penye bustani. Rangi ni kazi ya mbegu na ya wazalishaji waliochagua mimea kizazi baada ya kizazi. Hata mche uliotelekezwa nyuma ya jiko, mrefu na uliopukutika majani ya chini, huweza kubaki na majani mawili matatu ya kileleni yenye wekundu wa kupendeza. Kazi ya mtunzaji huonekana katika umbo, yaani wingi wa matawi, ufupi wa pingili, majani yanayoanzia karibu na udongo, na tuta lililofunga kiasi kwamba ardhi haionekani hata mtu akiliinamia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamtaka msomaji atazame shina kabla ya jani, na ndani ya mmea kabla ya kuusifu kwa nje, kwa kuwa shina la koleasi hutunza kumbukumbu ya kila jambo lililofanywa, au lililosahauliwa, tangu mche ulipotiwa ardhini.

Koleasi ni mmea wa mapambo wa ukoo wa mrehani na nanaa, ambao wanabotania huuita Lamiaceae, na undugu huo hutambulika upesi kwa shina lenye pande nne na kwa majani yanayotoka mawili mawili, kila jozi ikikingamana na ile iliyo chini yake. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Jina lake la kitaalamu limehamahama mno: Linnaeus aliuingiza mwaka 1763 katika jenasi ya mrehani, katika miaka ya 1830 George Bentham akaueneza kwa jina la Coleus blumei, kwa heshima ya Carl Ludwig Blume aliyechunguza mimea ya Java, baadaye ukahamishiwa Solenostemon, kisha Plectranthus, na sasa unaitwa Coleus scutellarioides. Mnunuzi wa mbegu anaweza kukuta zaidi ya moja ya majina hayo kwenye pakiti, na asidhani kwamba ameuziwa mimea tofauti. Afrika Mashariki nayo ina ndugu wa karibu wa mmea huu: numbu, zao la mizizi linalolimwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ni Coleus esculentus, na maigoya ambayo Wakikuyu hupanda kuwa ua wa boma ni Coleus barbatus. Kwa hiyo koleasi ya mapambo ni mgeni kwa asili, lakini udongo na hali ya hewa ya eneo hili haviutishi.

Mazoea ya kuupima mmea huu kwa jicho kali yalikolea Uingereza katika karne ya 19, pale Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ilipouza kwa mnada, mwaka 1868, machotara mapya yaliyozalishwa katika bustani yake ya Chiswick, na wenye bustani wakaanza kushindana kupanda matuta yaliyochorwa kwa rangi za majani. Wingu la shauku hiyo lilipita, lakini kigezo kimoja cha nyakati hizo hakijapitwa na wakati, nacho ni kwamba mmea huhukumiwa kwa jinsi ulivyojaa, wala si kwa urefu wake.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa kabla ya kwenda mbele. Kifundo ni mahali kwenye shina ambapo jozi ya majani hutokea. Pingili ni kipande cha shina kilicho kati ya kifundo kimoja na kingine. Na jicho ni chipukizi dogo lililolala kwenye kwapa la jani, yaani pembe iliyo kati ya kikonyo na shina. Ncha ya shina huzalisha homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kupitia shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ndiyo maana koleasi iliyoachwa ijikulie hupanda juu kwa fimbo moja, ikiwa na macho mengi yaliyo hai lakini yaliyolala. Ncha ikiondolewa, kizuizi hicho hulegea, na macho mawili ya kifundo kilicho chini ya mkato huamka karibu kwa pamoja, kisha shina moja likawa mawili. Kazi hii huitwa kukata ncha, na hufanywa kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, wakati ncha ingali laini kiasi cha kukatika bila kuvutwa.

Hesabu ya kukata ncha ni nyepesi. Mche wenye jozi nne za majani, ukikatwa na kuachiwa jozi mbili za chini, huwa umebakiziwa macho manne, na kila moja huweza kuwa tawi. Matawi hayo manne, kila moja likikatwa na kuachiwa jozi moja, huwa manane. Na mkato wa tatu wa namna hiyo huyafanya kumi na sita. Kinachowashinda wengi ni subira, si hesabu. Baina ya mkato mmoja na mwingine hupita wiki mbili au tatu penye joto, na zaidi penye baridi, na kila mkato huondoa majani machanga, ambayo ndiyo yenye rangi kali kuliko yote, hivi kwamba kwa siku kadhaa tuta huonekana limeharibiwa. Mtunzaji asiyestahimili kipindi hicho huacha baada ya mkato wa kwanza, na athari ya uamuzi wake hubaki kwenye shina, ikimsubiri yeyote anayejua kuisoma.

Kuisoma kwenyewe hufanywa hivi. Mpimaji hutenga majani kwa mikono miwili, taratibu, kama afunguaye pazia, akatafuta panda ya kwanza, yaani mahali shina kuu linapogawanyika kwa mara ya kwanza. Panda hiyo inapaswa kuwa ndani ya upana wa vidole vinne kutoka kwenye udongo. Ikiwa iko shubiri moja juu au zaidi, mche ulikatwa umechelewa, pengine baada ya kwisha kurefuka, na hakuna utunzaji wa baadaye utakaoujaza chini, kwa kuwa macho ya vifundo vya chini vilivyokwisha kuwa vigumu kama mti ni mazito kuamka. Kutoka panda ya kwanza jicho hupanda hadi ya pili na ya tatu, na umbali kati yao husimulia kama mtunzaji alikuwa na utaratibu au alikumbuka kwa nasibu. Matawi mawili ya panda moja yanapaswa kulingana kwa unene. Moja likiwa limenenepa na mwenzake kudumaa, ama mwanga ulitoka upande mmoja tu, ama tawi lililotangulia liliachwa litawale badala ya kukatwa mapema ili mwenzake alifikie.

Makovu nayo yana maana. Mkato uliofanywa juu kidogo tu ya kifundo hupona na kuacha doa dogo la kahawia lililojificha kati ya matawi mawili, ambalo baada ya mwezi huhitaji kutafutwa ili lionekane. Mkato uliofanywa katikati ya pingili huacha kisiki kisicho na jicho, nacho hunyauka, huwa cheusi, na wakati wa masika huweza kuoza hadi kwenye kifundo na kuua mojawapo ya matawi yaliyotarajiwa. Tuta lenye visiki vyeusi vingi ni tuta lililokatwa kwa haraka, mara nyingi kwa mkasi mkubwa wa kukatia ua wa michongoma, na hata likiwa limejaa halistahili kuwekwa daraja moja na lile lililokatwa kwa kucha.

Baada ya panda, huangaliwa pingili. Urefu wake hutofautiana kwa aina, kwa hiyo kipimo cha sentimita hakisaidii sana. Kinachopimwa ni mlingano, pamoja na kama jani la juu linafika kulifunika pengo lililo chini yake, hata mtu akitazama kwa ubavu asilione shina. Pingili zinazoanza fupi kisha zikarefuka ghafla zina maelezo kadhaa. Huenda mche ulitoka kwenye mwanga mzuri wa kitalu ukapandwa kwenye giza. Huenda ulilishwa mbolea nyingi ya chumvichumvi baada ya kupandwa. Au ulitoka kwenye vitalu vikubwa vya kibiashara ambako hupuliziwa dawa za kuzuia kurefuka, ambazo hufanya miche ionekane mifupi na iliyoshiba siku ya kuuzwa, na nguvu yake ikiisha mmea huanza kujinyoosha. Mnunuzi mwangalifu hulinganisha pingili za chini na zile za juu kabla ya kutoa fedha.

Wingi wa majani haumaanishi daima wingi wa matawi, na hapa ndipo jicho lisilozoea hudanganyika mara nyingi. Kiriba kimoja, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea, kinaweza kupandikizwa vipande vitatu au vinne vya koleasi vikasimama kwa pamoja na kufanana na mmea mmoja uliotanuka. Kufunua majani na kuhesabu mashina yanayotoka kwenye udongo hutatua fumbo hilo kwa sekunde chache. Si ulaghai lazima, na wapo wauza maua wanaosema wazi kwamba ndivyo walivyofanya, lakini mimea hiyo itakuja kugombania maji na mwanga ndani ya nafasi moja, na ile dhaifu itapukutika kutoka katikati. Vivyo hivyo tuta linalopandwa kwa nafasi ya shubiri ndogo kati ya mche na mche hufunga upesi, hupigwa picha upesi, na huanza kuchakaa upesi, kwa kuwa hewa haipiti. Nafasi ya sentimita 25 hadi 30 kwa aina za kawaida, na hadi 45 kwa aina kubwa, huacha udongo wazi kwa majuma ya mwanzo, na ndiyo dalili kwamba aliyepanda alikuwa akifikiria mwezi wa nne, si wiki ya pili.

Haki inadai pia aina izingatiwe. Kuna aina za mbegu, kama zile za kundi la Wizard, zilizochaguliwa ili zitoe matawi kutoka chini zenyewe bila kukatwa ncha. Mmea wa namna hiyo ukiwa mnene sifa nyingi ni za mzalishaji, na mtunzaji hupewa sehemu ndogo tu. Kundi la Kong, kwa upande mwingine, hutoa majani makubwa yanayozidi upana wa kiganja, na kulikata ncha mara nyingi ili liwe kichaka ni kulipokonya kile kilicholifanya litafutwe. Kundi hilo hupimwa kwa utimilifu wa jani moja moja na kwa jinsi majani yalivyopangika bila kufunikana ovyo. Black Dragon, yenye majani ya zambarau iliyokaribia weusi na kingo zilizokunjamana, huchukua muda kujaa, na tuta lake lililojaa ni ushahidi wa kazi halisi. Mpimaji asiyejua aina anayoitazama afadhali aulize kabla ya kutoa alama.

Suala la kivuli ndilo lenye makosa mengi kuliko yote, kwa kuwa neno hilo hutumika kwa hali zisizofanana hata kidogo. Koleasi huhitaji kivuli chenye nuru, pamoja na jua la asubuhi kwa saa mbili au tatu inapowezekana, haihitaji giza. Kivuli cha ukuta na kivuli cha mti havifanani hata vinapoonekana kuwa na ukali sawa machoni. Ukuta huzuia jua moja kwa moja, lakini mwanga wa anga unaoufikia mmea kutoka juu hubaki na mchanganyiko wake wa kawaida. Majani ya mti hufanya kazi nyingine: hunyonya mwanga mwekundu unaotumika kutengeneza chakula, na kupitisha ule wa pembezoni mwa wekundu ambao jicho la binadamu huutambua kwa shida. Mmea ulio chini hupima uwiano wa aina hizo mbili za mwanga kwa kutumia protini yenye rangi iitwayo fitokromu, na ukikuta wa pili umezidi hujihisi umefunikwa na jirani, basi huelekeza nguvu zake katika kurefusha pingili ili uchomoze. Hii ndiyo sababu koleasi iliyo kando ya ukuta wa kaskazini au kusini mwa nyumba huwa fupi na nene, wakati ndugu yake aliyetoka kitalu kilekile, akiwa chini ya mwembe, amenyooka na kupunguza majani ingawa alimwagiliwa vilevile.

Miti nayo haiko sawa. Mwembe uliokomaa hufunika mwaka mzima kwa majani mazito, na chini yake hata mtunzaji hodari atapata koleasi ya wastani tu, isipokuwa matawi ya chini yapunguzwe ili nuru ya pembeni iingie. Mkrismasi, kwa vijani vyake vidogo, hupitisha vipande vya mwanga vinavyotembea siku nzima, lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hivi kwamba tuta lililokuwa kivulini hujikuta juani katika miezi iliyo mikavu kuliko yote. Mizizi ya mti pia hunywa maji ya tuta. Anayepanda chini ya mti hafai kuchimba kwa nguvu na kuikata mizizi hiyo, wala kurundika udongo dhidi ya shina la mti. Njia iliyo salama zaidi ni kutumbukiza vyungu vyenye koleasi ardhini hadi shingoni na kuvifunika kwa matandazo, yaani majani makavu au nyasi za kuhifadhi unyevu.

Karibu na ikweta kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini havilitaji, nalo ni kwamba kivuli cha ukuta huhama upande katika mwaka. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba hivi. Kati ya Machi na Oktoba hukaa upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi upande wa kusini. Tuta lililo kusini mwa ukuta, lenye kivuli kizuri mwezi Juni, huweza kupigwa na jua la mchana mwezi Desemba, ambao ni wakati wa joto la kaskazi. Mpimaji anayekuta majani yaliyochomeka kingo mwezi Januari asikimbilie kulaumu ukosefu wa maji; kwanza atazame ukuta uko upande gani.

Hali ya mwanga ikieleweka, rangi sasa inaweza kurudi katika hesabu, kwa sababu inatoa ushahidi wa pili. Wekundu na zambarau ya koleasi hutokana na anthosianini, rangi zinazoyeyuka katika maji ya seli, ambazo huongezeka mwanga unapokuwa wa kutosha. Giza likizidi, umbijani, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, huchukua nafasi, na jani lililokuwa la damu ya mzee huwa la kijani kilichochafuka. Aina za manjano na za kijani cha ndimu huenda kinyume upande wa jua: zikizidishiwa mwanga hupauka hadi kufanana na karatasi, na zikiwa gizani hurudia ukijani. Kwa hiyo rangi iliyokolea, ikiwa na mpaka uliochorwa wazi kati ya sehemu moja ya jani na nyingine, ni dalili kwamba kivuli kilichaguliwa sawasawa kwa aina hiyo. Naitrojeni iliyozidi nayo huleta ukijani na ulaini. Jani la namna hiyo huwa kubwa, humeta, na likikunjwa kidogo huvunjika badala ya kupinda.

Kuhusu udongo, maelezo marefu hayahitajiki. Koleasi hupenda udongo wenye mboji au samadi iliyooza vizuri, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Mchanga wa pwani huhitaji kuongezewa mboji nyingi na mfinyanzi huhitaji kuinuliwa. Kidole kikizamishwa hadi kiungo cha kwanza kinapaswa kukuta ubaridi wa unyevu, lakini kikitolewa kisiwe na tope. Mmea ulionywea saa saba mchana na kusimama tena jioni haujafanya kosa lolote, kwa kuwa majani mapana hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyaleta. Ulionywea alfajiri, huku udongo ukiwa umelowa, una mizizi inayooza, na katika upimaji huondolewa bila mjadala. Katika nyanda za juu, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani huanza kuwa na mabaka meusi, na sakitu huua mmea wote, jambo ambalo watunza bustani wa Njombe na Limuru hulijua.

Jani linapofikiwa mwishowe, upande wa chini hutazamwa kabla ya wa juu. Ukungu wa kijivu wenye kuelekea zambarau, ulioenea chini ya jani huku upande wa juu ukiwa na mabaka ya kahawia yenye kona, ni dalili ya ugonjwa wa ubwiri vinyoya, unaosababishwa na vimelea vya jenasi Peronospora; ule unaoshambulia mrehani uliripotiwa Uganda katika miaka ya 1930, na ule wa koleasi uligunduliwa Marekani mwaka 2005. Ukungu huo huonekana vizuri asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka, na huenea pale ambapo mimea imebanana na humwagiwa maji juu ya majani wakati wa jioni. Kwa hiyo, zaidi ya kuwa ugonjwa, ni ripoti ya namna tuta linavyotunzwa. Vidung'ata, wadudu wanaofanana na vijipamba vyeupe, hujificha hasa kwenye makwapa ya majani, na uwepo wao katika panda za ndani huonyesha kwamba mtunzaji hajawahi kuufunua mmea wake. Tundu moja mbili za konokono zinasameheka. Bustani ya kivulini isiyo na konokono hata mmoja huenda imepuliziwa dawa kupita kiasi.

Tuta likitazamwa kwa ujumla, sasa kwa kurudi hatua kadhaa nyuma, huangaliwa ukingo wake, urefu wake na mpangilio wa rangi. Ukingo una kazi ileile ya pindo la kanga: ukiwa umekatika katika sehemu moja tu, jicho huenda hapo na kusahau vingine vyote. Majani ya mstari wa mbele yanapaswa kulalia matandazo au jiwe la mpaka, na urefu upande taratibu kuelekea nyuma, bila ngazi ya ghafla. Hilo hupatikana kwa kukata ncha za mbele mara nyingi zaidi kuliko za nyuma, hata kama aina ni moja. Rangi za giza, kama vile zambarau nyeusi na damu ya mzee, humezwa na kivuli zikiwa mbali, na mtu aliye hatua kumi huona shimo mahali palipo na mmea mzuri, kwa hiyo zinafaa mbele au kando ya rangi ya maziwa na manjano ambayo hubeba nuru. Matuta ya mbegu mchanganyiko, ambamo kila mche una rangi yake, hupendwa na wengi, lakini ni vigumu sana kuyapa alama ya juu: umbo hupotea ndani ya makelele ya rangi, na aghalabu mchanganyiko huo hutumika kuficha mianya. Aina mbili, au tatu kwa bustani kubwa, zinatosha.

Maua ya koleasi huja kwa mashuke membamba ya samawati au urujuani. Yanavutia nyuki, na mwenye bustani asiye mshindani anaweza kuyaacha kwa ajili hiyo bila kuomba radhi kwa mtu. Kwa mpimaji, hata hivyo, shuke lina maana moja: ncha ya tawi hilo imeacha kutoa majani, na mmea umeanza kupeleka nguvu kwenye mbegu, huku majani ya chini yakidogoka. Mashuke yaliyokatwa yakiwa bado machanga, chini kabisa kwenye jozi ya majani iliyo imara, huonyesha mtunzaji apitaye kila siku mbili tatu. Yaliyokatwa yakiwa yamekwisha kuchanua, siku moja kabla ya ukaguzi, huacha ncha tupu zilizo wazi kwa urefu mmoja, na hazimdanganyi mtu.

Upimaji wenyewe ufanyike asubuhi, na si mara baada ya kumwagilia, kwa kuwa jani lililolowa huonekana limekolea kuliko lilivyo. Umri pia uulizwe. Baada ya mwaka mmoja hivi mashina ya chini huwa magumu, majani ya ndani hupungua, na kukata ncha hakurudishi tena unene wa zamani. Tuta lililo bora kwa hiyo huwa na warithi wake walioandaliwa. Warithi hao ni vipandikizi, yaani ncha za urefu wa sentimita 7 hadi 10 zinazokatwa chini ya kifundo, zikaondolewa majani ya chini na kutiwa kwenye maji au mchanga wenye unyevu, ambapo hutoa mizizi kati ya wiki moja na tatu. Hapo mpimaji anaweza kuuliza swali la mwisho: vipandikizi vilikatwa kwenye tawi gani? Koleasi hubadilika rangi katika tawi moja moja kwa urahisi, na tawi lililorudia ukijani hukua haraka kuliko mengine kwa kuwa lina umbijani mwingi, hivyo ndilo linalovutia mkono wa mtu asiye makini. Mtunzaji mzuri huling'oa tawi hilo tangu mwanzo, huchagua ncha zenye mchoro ulio sawa na wa mama, kutoka kwenye matawi ambayo hayajachanua, na huvipanda vipandikizi hivyo kwenye viriba kabla mvua za vuli hazijaanza, ili viwe vimekatwa ncha mara mbili kufikia siku tuta la zamani litakapong'olewa.